Feza Ndani ya Sadaka

Évariste aliharibu jina lake kwa maneno matano, mbele ya kanisa zima, akiwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe.

"Nimepata feza ndani ya sadaka," alisema, na kwa kuwa ilikuwa saa ya ushuhuda akaongeza kwamba Mungu ni mwaminifu.

Hakuna aliyesema amina. Kanisa lile la La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, ambalo zamani lilikuwa gereji ya kunyoosha bodi za magari, husema amina hata kwa tangazo la gari lililoziba geti. Jumapili ile lilinyamaza mpaka likasikika jokofu la duka la jirani likinguruma. Mchungaji Théodore akakohoa, akamshukuru ndugu, akaomba kwaya itoe wimbo. Kwaya ikaimba, ndani ya sare alizozishona Évariste, ikimtazama kama mtu anavyotazamwa zipu yake inapokuwa wazi.

Alirudi kukaa akitabasamu. Ilimchukua ubeti mzima kuelewa.

Alichotaka kusema ni kwamba amepata fedha, ile inayochimbwa, si ile inayotumika. Lakini Kiswahili kimeyapa madini na pesa jina moja, na Kifaransa, ambacho Mchungaji hukikimbilia jambo likiwa zito, nacho kimefanya hivyo hivyo. Mtu aliyezaliwa Bukavu katikati ya lugha hizo mbili anaweza kufikia umri wa kuozesha binti bila kuhitaji jina la pili. Kweli, nyumbani kwao pesa huitwa makuta, au franga. Ila Évariste akishika maikrofoni ya kanisa huvaa Kiswahili cha Biblia kama anavyovaa suti, na katika Kiswahili cha Biblia makuta hayapo.

Uraibu wa kuisaka fedha hiyo ulianza kwa chenji. Miaka kadhaa nyuma, dukani karibu na kibanda chake cha ushonaji, alirudishiwa sarafu ya randi mbili ambayo badala ya picha ya tandala ilikuwa na mwanamke aliyesimama ameegemea nanga. Mzee mmoja wa Kizungu aliyeleta suruali ipunguzwe akamwambia kwamba ile ni shilingi ya zamani, ya kabla ya randi kuzaliwa, na kwamba ni fedha. Ukubwa wake unakaribia sana wa randi mbili, ndiyo maana bado inazurura ndani ya pochi za watu wasiotazama. Na watu, Évariste aligundua, hawatazami pesa zao ila zinapokuwa hazipo.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kubadilisha noti kuwa sarafu, wakati Johannesburg nzima inahangaika kufanya kinyume. Jumatatu alikwenda benki, akatoa noti, akapewa mifuko ya plastiki iliyojaa randi mbili. Aliimwaga juu ya meza ya cherehani, akazitandaza sarafu kama mtu anayechambua maharagwe, akageuza moja moja. Iliyomtia shaka aliidondosha juu ya chuma cha cherehani. Randi mbili huanguka na kunyamaza, kama mtu aliyekemewa. Fedha huimba, na huimba kwa muda. Mkewe Jeanne, aliyekuwa akipika upande wa pili wa pazia, alijifunza kuutambua mlio ule kabla ya mumewe kupiga kelele, na alijifunza pia kwamba unaweza kupita msimu mzima wa baridi bila kuusikia.

Kisha mifuko ikarudishwa benki, tawi jingine, siku ya pili. Makarani wakaanza kuulizana juu ya mtu anayechukua chuma leo na kukirudisha kesho. Mwishowe mlinzi wa mlangoni, Mkongo mwenzake, akamvuta pembeni akamnong'oneza, "Baba, mule ndani wanasema unasafisha pesa." Évariste akamwapia kwamba hajawahi kusafisha hata moja, maana sarafu ya zamani ukiisafisha umeiharibu. Mlinzi akamwambia asirudi.

Ndipo akaikumbuka sadaka. Kanisa la wasusi, washonaji na walinzi hutoa sarafu nyingi, na mtunza hazina, Mama Médiatrice, mwanamke wa Burundi anayeuza vitenge na asiyesahau neno, alikuwa anazipeleka benki na kukatwa ada kwa sababu ya kuzipeleka. Évariste alipojitolea kuzichukua na kumwachia noti, Mama aliona ni baraka. Alidhani fundi anatafuta chenji za wateja. Hakuuliza, na Évariste hakueleza. Kwa hesabu ya Évariste Mungu hakupungukiwa na kitu: kila sarafu iliyotoka ndani ya kile kikapu alikuwa ameilipia thamani yake, randi mbili kwa randi mbili.

Wale wanawake wa nanga aliwahifadhi ndani ya kopo la kahawa. Hakuuza hata mmoja. Wengi walikuwa wamelika na vidole vya watu waliokwisha kufa, uso hauna pua, nanga imebaki mstari. Ndipo binti yake Chloé akachumbiwa na Parfait, na Évariste akaamua kwamba pete zitatoka ndani ya lile kopo. Steve wa Bellevue, ambaye hutengeneza pete na simu kwenye meza moja, alizikagua zote akasema anaweza kutumia moja tu, ya Parfait. Ya bibi harusi itafutwe nyingine, nene, isiyolika.

Akatafuta. Tarehe ilikuwa imekaribia na kadi zimeshatumwa pale ilipotokea, katika sadaka: nene, nanga yake yaonekana hadi ncha, na upande wa pili mfalme mwenye shingo ndefu. Juu ya sikio la mfalme palikuwa na kidoa chekundu, kama tone la damu lililokauka. Évariste alihisi kwamba rangi kama ile amewahi kuiona mahali. Hakukikwangua, hasafishi. Aliidondosha juu ya chuma, ikaimba, na Jumapili iliyofuata akasimama kutoa ushuhuda.

Siku ya Jumatano Mchungaji alipiga simu. Aliongea kwa upole ambao Évariste hakuupenda hata kidogo. Wazee wangekaa Jumamosi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, wamsikilize.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kanisani kwao aliyegusa sadaka hutengwa. Hafukuzwi; anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na jenereta, hashiki kitu kitakatifu, na hamshiki bibi harusi mkono kumpeleka mbele. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata hiyo ya wazee. Kuna mjomba huko Pretoria ambaye angemshika Chloé badala yake, mtu ambaye hata kadi alipelekewa kwa shingo upande.

"Baba Chloé," Jeanne alimwambia usiku huo akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa, "kwa nini haukusema chuma?"

"Si chuma."

"Ungesema makuta ya zamani. Ungesema takataka. Maneno yako mengi sana, we ukachagua lile."

Wiki ile akina mama wa kanisa walipita kibandani kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Évariste alivikunja, akavitia mifukoni, akawatakia siku njema. Gauni la Chloé lilining'inia ukutani bila mikono, na Évariste akawa anatunga sindano, anaitazama, anaiweka chini.

Jumamosi alivaa suti ile ile. Jeanne alisema hawezi kwenda, tumbo linamsumbua, kwa hiyo Chloé ndiye aliyemsindikiza, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Chloé alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, ila akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na baba yake amezoea kuzungumza naye hivyo, kama watu wawili wanaopitishiana vitu kupitia dirisha.

Chumba cha wazee kilikuwa zamani chumba cha kupulizia rangi, na mvua ikikaribia harufu ya rangi hurudi. Mvua ilikuwa inakaribia. Walikaa watatu: Mchungaji Théodore, Mama Médiatrice, na Mzee Herménégilde, Mrundi mwenye spaza, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot, anayetoka kaskazini kabisa mwa jiji kila Jumapili na hajawahi kuchelewa, jambo lililowafanya watu wamwogope. Mzee Herménégilde hajawahi kumwachilia mtu. Alishawahi kupiga kura ya kumtenga mpwa wake mwenyewe kwa sababu ya bia ambayo, ilivyobainika baadaye, haikuwa na kilevi. Kwa desturi yao mkubwa wa umri husema mwisho, na neno lake ndilo hufunga.

Mchungaji aliomba, kisha akauliza moja kwa moja. "Ndugu Évariste, ulitoa feza ndani ya sadaka?"

"Nilitoa feza, Mchungaji. Lakini sikutoa feza."

Mama Médiatrice alikunja mikono. "Rudia, Baba Chloé."

"Nilitoa ile feza ya kweli. Feza yenyewe. Si hii feza ya kutumia."

"Ya kweli," alisema Mzee Herménégilde taratibu. "Kumbe sisi tunatoa ya uongo."

Évariste alianza kutoka jasho. Alieleza habari za mwanamke na nanga, za mfalme, za mlio juu ya chuma, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu aliyeiba muda mrefu kwa utaratibu maalumu. Mchungaji alimwonea huruma, na kwa huruma hiyo akahamia Kifaransa ili jambo liwe wazi. Akamuuliza: ulichokitoa, ni argent?

"Oui, Mchungaji. Argent. Argent kabisa."

Mchungaji akafumba macho. Mshtakiwa alikuwa amekiri kwa lugha mbili.

Mlango ukasukumwa. Chloé alisimama pale na simu mkononi, uso umemwiva kwa aibu ya kuingia bila kuitwa, na akafanya kitu ambacho baba yake hakumbuki lini alikifanya mara ya mwisho: akasema Kiswahili.

"Pastor, ni silva. Papa anasema silva. Hakuchukua makuta."

"Silva," alirudia Mama Médiatrice.

"Silva," alisema Mchungaji, akafungua macho.

Hivyo tu. Neno la Kiingereza, lugha ambayo hakuna hata mmoja mezani aliyeipenda, lilifungua kile ambacho Biblia na Wabelgiji walikuwa wamekifunga. Évariste alipumua. Aliona benchi la jenereta likirudi nyuma, mbali, mahali pake.

Lakini Mama Médiatrice hauzi vitenge kwa bahati. Alichukua simu yake, akatafuta bei ya silva, akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena. Kisha akamuuliza Évariste uzito wa shilingi moja. Évariste, ambaye hajui kudanganya kuhusu sarafu, akamtajia.

"Basi hiyo ni bei ya kuku wawili wazima," alisema. "Tena kuku wa kienyeji. Wewe ukamwachia Mungu randi mbili."

Neno lilikuwa limeeleweka, na kosa nalo likawa limeeleweka. Mwanzo alituhumiwa wizi kwa sababu ya lugha; sasa hapakuwa tena na lugha ya kumlinda.

"Jiulizeni," aliendelea, hakupandisha sauti, "nani alitoa kitu kama hicho? Labda mjane. Labda ni urithi wa bibi yake, kitu pekee alichobaki nacho, akampa Bwana. Na fundi wetu akakichomoa."

Mchungaji aliguswa. Ilionekana wazi kwamba anamwona yule mjane. Kadiri dakika zilivyopita mjane aliongezeka: akapata kilemba, akapata goti bovu, akapata wajukuu. Évariste mwenyewe alianza kumwonea huruma.

"Iko wapi?" aliuliza Mchungaji.

Ilikuwa mfukoni, ndani ya kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la Chloé. Alikuwa aipeleke kwa Steve asubuhi ile, akaogopa kuionyesha kwa mtu kabla ya kuhukumiwa. Aliifungua juu ya meza. Mama Médiatrice aliigeuza kwa ncha ya ufunguo, upande wa mfalme ukatokea.

"Na hii nyekundu ni nini? Damu?"

"Cutex," alisema Chloé kutoka mlangoni. "Ile ya kucha."

"Nani anampaka mfalme rangi ya kucha?"

Ndipo Évariste alipokumbuka. Mwaka uliopita alikwenda Diepsloot kuomba kubadilisha sarafu kwenye spaza ya Mzee Herménégilde. Nyuma ya nondo za dirisha, kati ya mikate na mishumaa, palikuwa na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, na Mzee, aliyekuwa siku hiyo na furaha isiyo ya kawaida, alimweleza kazi yake. Sarafu mbovu ikikuponyoka ikaingia, unaipaka kidoa, ili mjanja yule yule asikuletee mara ya pili. Halafu unafanya nayo nini, Évariste alimuuliza. Mzee akajibu kwamba kila kitu kina mahali pa kwenda.

Aliinua macho. Mzee Herménégilde alikuwa anaitazama sarafu bila kupepesa. Mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya meza tangu sala ya kufungua, sasa ulikuwa chini ya meza.

Ilihitajika sentensi moja. Mjane angekufa papo hapo, pamoja na wajukuu wake, na Évariste angemshika Chloé mkono. Na mtu mwingine, mwenye mvi, ambaye hajawahi kuchelewa, angekaa karibu na jenereta kwa kumlipa Mungu kwa pesa ambayo hata spaza imeikataa. Évariste alifungua mdomo. Upande wa pili wa ukuta kwaya ilianza upya wimbo wa kuingilia bibi harusi, ikakosea pale pale inapokosea siku zote, ikaanza tena. Wiki nzima alikuwa amejifunza sentensi moja inaweza kufanya nini. Akaufunga mdomo. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Hakuwa na hakika ni neno lipi lingetoka.

"Una la kuongeza?" aliuliza Mchungaji.

"Hapana, Mchungaji."

Chloé alimtazama baba yake, akaitia simu mfukoni.

Mama Médiatrice alisema hana chuki na mtu, lakini sheria ni sheria, atengwe. Mchungaji alizunguka mbali, akapitia neema, akapitia toba, akapitia mjane, na alipotua alitua karibu sana na Mama Médiatrice. Wakamgeukia Mzee.

Mvua ilianza kugonga bati. Aliponyoosha mkono wake wa kushoto kuichukua sarafu, aliishika kwa kingo, mbali na mwili, kama mtu anayemshika mdudu anayemfahamu.

"Pesa hii haipokelewi dukani," alisema.

"Mzee, ni silva," alisema Mama Médiatrice.

"Silva ni huko kwa Steve. Dukani haipokelewi. Mtu anakuletea gizani, anachukua mkate, kesho unajua umeliwa mkate. Ukienda kununua bidhaa wanakurudishia. Pesa isiyonunua mkate si sadaka, Mama. Ni uchafu. Baba Chloé aliondoa uchafu ndani ya kikapu cha Bwana akaweka randi mbili zinazonunua." Aliirudisha sarafu juu ya satini. "Mimi sioni kosa."

Mama Médiatrice alimtazama. "Mzee, umejuaje kwamba haipokelewi?"

"Nina duka."

"Na yule mjane?"

"Hakuna mjane," alisema Mzee, haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa amejisahau, mkono wa kulia umerudi mezani. Kwenye ukingo wa ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Mama Médiatrice aliutazama mstari, akatazama sikio la mfalme, akautazama mstari tena. Kisha akavua miwani, akaitia ndani ya kasha lake, na kasha akalitia ndani ya mkoba. Alisema mvua hii ni kubwa, watu wana safari.

Mchungaji, ambaye hakuwa ameona kitu, aliona kwamba Roho ameleta umoja. Akatangaza kwamba ndugu hana hatia, na ili jioni ile isipite bila agizo, akaongeza kwamba kuanzia sasa sarafu za sadaka zitakwenda benki moja kwa moja, ada au hakuna ada. Évariste alisema amina. Ilikuwa amina ya mtu aliyepona jino kwa kung'olewa.

Nje, Chloé alikimbia mbele kufungua gari la rafiki yake. Évariste alikuwa anaiweka satini mfukoni chini ya ukingo wa paa aliposikia hatua nyuma yake. Mzee Herménégilde alisimama kando, akiitazama mvua, kana kwamba wamekutana hapo kwa ajili ya mvua.

"Ile habari ya kuku wawili," alisema, "Mama alisema kweli?"

"Inategemea siku, Mzee. Kuna siku mmoja na nusu."

Mzee alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa anarudi nyuma, Jumapili hadi Jumapili, na kila alipofika alikuta kuku.

"Eish," alisema mwishowe. Halafu: "Na ikinijia nyingine?"

"Niletee mimi. Nitakulipa inavyostahili."

"Na rangi? Niitoe?"

"Usisafishe, Mzee. Hata kidogo."

Walisimama mpaka mvua ikapungua. Mzee hakusema asante, na Évariste hakungoja aseme.

Jumamosi iliyofuata gauni lilikuwa na mikono yake yote miwili. Kwaya ilikosea pale pale. Steve alikuwa ameigeuza shilingi kuwa pete, mfalme kwa ndani na nanga kwa nje, akauliza kama akikwangue kile kidoa, akaambiwa akiache, na sasa Parfait alikuwa ameishika kiganjani huku akiogopa kuiangusha. Évariste alimshika Chloé mkono mlangoni. Walipoanza kutembea walipita benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na jenereta, ambalo siku hiyo lilipaswa kuwa tupu maana hakuna aliyetengwa. Mzee Herménégilde alikuwa amekaa hapo, peke yake, amevaa tai, amewahi kuliko wote. Aliyemuuliza kwa nini hakai mbele na wazee wenzake aliambiwa kwamba mgongo unahitaji hewa. Jenereta ilikuwa inanguruma, moshi wake wote unamwendea yeye.

Évariste aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu mteja. Mzee akaitikia vivyo hivyo, akatazama mbele.